Gembus Anataka Kulia

Sagimin ana uso wa kuchekesha, na hilo si tusi, ni habari tu. Mungu alimpa midomo mipana inayoshuka upande mmoja, nyusi zinazopanda zenyewe, na masikio ya kuwatosha watu wawili. Akiingia dukani kununua chumvi, mwenye duka anaanza kutabasamu kabla ya salamu. Akipita penye harusi, bibi harusi anainamisha kichwa ili meno yasionekane. Sisi wa mtaa wa kiwanda cha sukari tumekua na uso huo, tumeoana mbele yake, na tukiuona tu mbavu zinaanza kuwasha.

Kazi yake ni kutengeneza tofu. Asubuhi anasaga soya, anachemsha, anakamua, anakata vipande, na mkewe Lasinem anavipeleka sokoni. Makapi yanayobaki hugeuzwa gembus, kitoweo cha bei ya chini kabisa, cha kukaangwa na kuliwa na pilipili mbichi. Ndilo jina alilopewa siku ya kwanza alipopanda jukwaani katika ketoprak, mchezo wetu wa wafalme na vita na mapenzi. Alipewa sehemu ya mtumishi, na alipaswa kusema maneno mawili tu: "Ndiyo, bwana." Aliyasema. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tangu hapo kila mchezo wa kikundi chetu una Gembus ndani yake: Gembus mlinzi anayesinzia, Gembus mpishi anayeonja mpaka sufuria inabaki tupu, Gembus aliyetumwa kumposea bwana wake akarudi kajiposea mwenyewe. Hajawahi kushuka jukwaani bila kuwaacha watu wanafuta machozi ya kicheko. Aliona fahari, na kwa nini asione? Kuna watu wana digrii mbili ukutani na hawajamchekesha hata paka.

Fahari hiyo iliingia doa siku alipomzika mama yake.

Mama huyo, Bu Kariyem, alimlea Sagimin peke yake kwa kuuza majani ya migomba ya kufungia chakula. Alipokufa, mtaa mzima ulikuja. Jeneza lilipoinuliwa uani, wafiwa wakapita chini yake kama ilivyo desturi, na Sagimin, mwana wa pekee, akatangulia. Alipotokea upande wa pili akalia. Alilia kwa sauti, mdomo umepinda, nyusi zimepanda, kamasi zinamtoka. Sasa, hivyo hivyo ndivyo Gembus anavyolia jukwaani akinyimwa wali. Mtu mmoja nyuma akaguna. Wa pili akajiziba mdomo. Halafu, jamani, aibu iliyoje, kicheko kikapasuka na kuzunguka ua mzima, mpaka waliobeba jeneza mabega yakawatikisika na jeneza likayumba.

Watu walijuta papo hapo. Kila mmoja akatazama miguu yake. Lakini nani angeomba radhi, na angeanzia wapi? Sagimin alifuta uso kwa mkono wa shati, akanyamaza, akamzika mama yake kwa macho makavu. Hata rambirambi hatukumpa ipasavyo, maana ni nani angemshika mkono mtu aliyetoka kumcheka? Tangu siku hiyo hakulia tena mbele ya mtu. Binti yake alipoolewa na kuhamia Kalimantan, kisiwa cha mbali, yeye alisimama kituoni anatoa vichekesho mpaka basi la bandarini likaondoka.

Lasinem peke yake ndiye aliyejua kilichomkaa rohoni. Sagimin alimwambia wakiwa wanakamua soya: anataka kulia mbele ya watu hawa, mara moja tu, wasicheke. Wakimpa hiyo, atarudi kuwa Gembus wao mpaka kufa.

Sasa tuje kwenye ukumbi. Ukumbi wetu ni ghala la zamani la kiwanda. Una viti vya mbao vya kukunja, bati linalovuja, na jukwaa lililojengwa na mafundi wa mtaani kwa mbao za kuomba. Ni mdogo, lakini nani mwingine ana wake? Kila kiangazi, Jumamosi baada ya swala ya isha, pazia hufunguliwa. Wiki moja ni sisi, wiki inayofuata ni wanafunzi wa chuo kutoka mjini. Wanafunzi hupenda michezo ambayo mtu anakaa ndani ya tenga na kuongea na mwezi. Sisi tunakwenda kuwatazama hivyo hivyo, na wazee wanapiga makofi hata wasipoelewa kitu, kwa sababu watoto wa watu wamejituma. Nao wanakuja kwetu, wanakaa chini mbele na kucheka kuliko wote. Jumamosi ya mwisho ya msimu huwa tunacheza pamoja, na siku hiyo ndiyo inayobaki midomoni mwa watu mwaka mzima.

Mwaka huo mchezo wa pamoja ulikuwa juu ya mtawala wa jimbo aliyetunga sheria kwamba atakayefungua lango la bwawa bila idhini wakati wa mvua, atauawa. Lango linafunguliwa usiku, vijiji vinazama, watoto wanakufa. Aliyelifungua ni mwana wa mtawala mwenyewe, alitaka mashua yake ipite akamwone mchumba. Mwana angekuwa Danang, mwanafunzi wa uhandisi mwenye sura nzuri, na mtawala, kama kawaida, angekuwa Pak Wiryo, au Baba Wiryo kwa heshima, kiongozi wa kikundi chetu, ambaye amekuwa mfalme kwa muda mrefu mpaka hata nyumbani kwake anaagiza chai kwa kunyoosha kidole.

Walikuwa wamekaa kwenye mkeka jukwaani, wanafunzi upande huu, wetu upande ule, Sagimin aliposema, "Huyo mtawala nipeni mimi."

Wakacheka. Pak Wiryo alicheka mpaka chai ikampalia, na mpiga upatu mmoja akalala chali. Walidhani ndio mwanzo wa kichekesho, wakangoja kinachofuata. Hakikufuata kitu. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni Retna, binti aliyekuwa anawaongoza wanafunzi. Alitoka kisiwa cha Sumatra, ulikuwa msimu wake wa kwanza kwetu, na Jumamosi za Gembus zilimkuta ama ana kazi mjini ama amelala na homa ya dengi.

"Kwani amesema nini cha kuchekesha?" akauliza.

Pak Wiryo akamweleza kwa upole, kama anavyoelezwa dada mgeni. "Mbak Retna, huyu akipiga kelele za moto, watu watacheka huku nyumba inaungua. Mtawala wa kumhukumu mwanawe kifo hawezi kuwa Gembus. Tutaharibu mchezo wenu na wetu."

"Pak," Sagimin akasema, "nimekuchekeshea watu tangu nywele zako zikiwa nyeusi. Sijawahi kukuomba kitu. Naomba hiki."

Hapo hata mpiga upatu aliinuka akakaa vizuri. Pak Wiryo ana kiburi, lakini si mtu mbaya. Aliwaza, akasugua kidevu, akakubali kwa sharti. Ketoprak haina maneno yaliyoandikwa. Kiongozi anawasimulia wachezaji mkondo wa hadithi, nani anaingia lini na kwa haja gani, na maneno wanayatoa vichwani mwao papo hapo. Kwa hiyo kiongozi anaweza kumwingiza mtu yeyote wakati wowote na hadithi ikageuka. Sharti la Pak Wiryo lilikuwa hilo: yeye atasimama nyuma ya pazia amevaa kamili, kama kaka mkubwa wa mtawala. Ukumbi ukimcheka Sagimin mpaka hadithi ikafa, ataingia, atatwaa kiti, na Sagimin atamalizia usiku akiwa mtumishi wake. Mbele ya mtaa mzima, ndugu yangu. Sagimin akajibu kwamba sawa.

Wanafunzi walitaka mazoezi, na sisi mazoezi hatuyajui. Danang alijitungia maneno yake, akayakariri kama ya mtihani, kisha kila wakikutana Sagimin anamuuliza jambo jipya na kijana anabaki kinywa wazi. Alilalamika kwa Retna kwamba yule baba habaki kwenye reli. Retna akamwambia anyamaze na amsikilize.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Sagimin alisimama jikoni, kati ya mapipa ya soya, akajaribu kutembea kitawala. Lasinem akiwa kwenye kigoda alimtazama, akajikaza, akajikaza, akashindwa, akacheka mpaka khanga ikamdondoka kichwani. Sagimin akakaa chini. Lasinem akaacha kucheka mara moja, akamsogelea.

"Usinitazame mimi," akamwambia. "Mimi nakucheka tangu siku ya posa. Ndiyo maana nilikukubali, na wale wenye sura zao niliwakataa. Lakini nitakuja. Nitakaa mbele."

"Na ukicheka?"

"Nikicheka nitakuwa nimekukosea, Pak, na nitakuambia hivyo usoni. Simama tena. Acha kurusha hiyo mikono."

Akasimama tena.

Jumamosi hiyo ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Habari zilikuwa zimezagaa kwamba Gembus ni mtawala, na mtaa mzima ulikuja kucheka. Lazima niseme ukweli: hakuna aliyekuja na leso.

Pazia likafunguka, upatu ukalia, Sagimin akaingia na joho jeusi lenye nakshi za dhahabu, jambia mgongoni, kilemba kimekaa juu ya yale masikio. Kicheko kilichompokea kilitingisha bati. Watu walipiga mapaja, wakaitana, "Mtazame, mtazame." Gembus wa siku zote angejikwaa hapo, akaokota kilemba, akamwamkia mtu siye. Sagimin alihisi miguu inataka kujikwaa yenyewe. Hakuiruhusu. Alikwenda hadi kwenye kiti, akakaa, akangoja.

Akangoja tu. Kicheko kisipolishwa huchoka. Kilipobaki kikohozi huku na huku, akaanza kusema, tena chini chini, mpaka waliokuwa nyuma wakawanyamazisha wenzao wapate kusikia. Akaeleza habari za bwawa, za mvua, za sheria aliyoitunga kwa mkono wake. Mmoja akicheka, mwenzake akimfinya. Kwa pembe ya jicho Sagimin aliona ncha ya kiatu cha Pak Wiryo imechomoza chini ya pazia la pembeni. Kiatu kikarudi ndani.

Kisha mwana akaletwa, kafungwa mikono. Danang akapiga magoti, tayari kumwaga aliyoyakariri juu ya haki na sheria. Sagimin akamtazama.

"Mwanangu," akasema, "umekula?"

Hilo halikuwemo kwenye mtihani. Ukumbi ulitulia, na katika utulivu ule Pak Karto, mfyatua matofali, akaguswa.

Kwetu mchezaji akikugusa moyo hupigi makofi tu, unamrushia kitu jukwaani, mara nyingi pakiti ya sigara za karafuu. Ni heshima. Hakuna mtu mahali pengine duniani atakayefanya kosa hili, lakini Pak Karto ni wa kwetu, mkono wake ulikwenda wenyewe. Pakiti ikaruka, ikampiga mtawala kifuani, ikaanguka miguuni pake.

Basi. Kila mtu humo anajua Gembus hufanya nini na sigara. Anainusa, anaificha, anaitafuta alikoificha, anamshuku jirani. Ukumbi ukalipuka kabla hajatikisika. Sagimin akaona kiatu cha Pak Wiryo kimetoka chote, na mguu, na mkunjo wa joho. Akaona pia mikono yake mwenyewe imeshaanza kunyooka kuelekea chini, kwa mazoea ya maisha yake yote. Aliwaza kwamba ndio hivi, amekwisha, watamcheka hata siku ya kuzikwa kwake.

"Nani amenirushia hiki?" akauliza.

Wakacheka zaidi. Ndivyo Gembus anavyoanza.

"Nani anataka kuninunua?"

Wengine wakacheka, wengine wakasita. Sagimin akainama, akaiokota ile pakiti kwa mikono miwili, namna tunavyopokea kitu kwa mkubwa, akasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa.

"Mnatoa hiki kwa uhai wa mwanangu. Mimi nitakipokea. Msidhani nitakataa. Mimi ni baba, siwezi kubishana bei." Sauti ilikuwa inatetemeka, na hakuitetemesha yeye. "Lakini humu mmekaa watu mliozika watoto kwa maji yale. Nawaona. Mmoja wenu aniambie nichukue. Mmoja tu. Nitachukua, nimpeleke mwanangu nyumbani, akale."

Alinyoosha shingo akitafuta uso mmoja. Kicheko kilikatika. Pak Karto alikuwa amejishika mdomo kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyesema achukue, hakuna aliyesema asichukue, na hakuna aliyekumbuka tena kwamba yule pale mbele ni mtengeneza tofu.

Sauti ikatoka nyuma yake. Ilikuwa ya Danang, na haikuwa ya kukariri.

"Usichukue, Baba," kijana alisema. "Sijala. Lakini usichukue."

Sagimin akaiweka pakiti chini, taratibu, akageuka, akamtazama mtoto yule wa watu aliyepiga magoti kwa ajili yake, akalia.

Alilia kama alivyolia uani kwao. Mdomo ulipinda, nyusi zilipanda, kamasi zilimtoka, ule ule uso, hakuna alichobadilisha kwa sababu hana mwingine. Hakuwa anamlilia Danang. Alikuwa anamlilia Bu Kariyem na majani yake ya migomba, kilio alichokimeza kikiwa nusu. Alisikia sauti yake ikigonga ukuta wa nyuma na kumrudia, akangojea kile kicheko kiifuate. Hakikuja. Akafungua macho. Lasinem alikuwa safu ya mbele, mikono magotini, uso umelowa chapachapa. Madirishani vijana walikuwa wametulia. Hata watoto hawakucheka, na watoto hawana adabu ya kuigiza.

Pak Wiryo alikuwa jukwaani tayari, nusu yake mwangani, amevaa ukaka wake wa kifalme. Ni yeye anayegonga kibao kuashiria mwisho wa tukio. Alikishika kibao kifuani, hakukigonga. Alimwacha Sagimin alie mpaka amalize, kisha yeye mwenyewe akarudi nyuma kinyumenyume, ameinama, namna mtu anavyotoka mbele ya mtawala. Hayo hayakupangwa na mtu, na mimi nimemwona Pak Wiryo jukwaani tangu utotoni sijamwona akimwinamia yeyote.

Mchezo uliendelea ukaisha, mwana akahukumiwa, makofi yakapigwa mpaka vumbi la sukari ya zamani likashuka kutoka darini. Lakini watu hawakutoka. Walikuwa wanakusanyika kwenye mlango wa nyuma, ule wa wachezaji, na hawasukumani. Sagimin akatoka na joho lake bado, anafuta uso. Alidhani wamekuja kumtania, akaanza kutafuta kichekesho cha kuwapa.

Pak Karto ndiye aliyekuwa mbele. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili migumu ya matofali, akainamisha kichwa.

"Pole kwa msiba, Min," akasema. "Pole sana kwa mama."

Akasogea pembeni. Nyuma yake akaja mwenye duka, akasema vivyo hivyo. Kisha wale waliobeba jeneza, mmoja mmoja. Kisha wanawake, wakampa mkono yeye na Lasinem pia, ambaye alikuwa amekuja kusimama kando ya mumewe, mahali pa mke wa mfiwa. Mstari ulizunguka ghala.

Retna alifika mbio, amemwona Danang anapanga foleni na wengine, akamvuta mkono akauliza kwa hofu nani amefariki.

Sagimin alimsikia. "Mama yangu, Mbak," akamjibu yeye mwenyewe. Akanyoosha kilemba, akajiweka sawa mlangoni, na kuendelea kupokea mikono ya watu wake, kichwa juu.